Kadi Mkononi, Dawa Haipo: Majibu kwa Wasomaji wa Kanda ya Ziwa

Baada ya toleo lililopita kueleza kwa kifupi Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, barua zilitufikia kutoka Mwanza mjini, Sengerema, Magu na visiwa vya Ukerewe. Wachache walitaka ufafanuzi wa vifungu vya sheria yenyewe. Wengi waliuliza yatakayowapata wao na wagonjwa wao watakapofika dirishani na kadi zao. Nimechagua barua tano. Kabla ya kuandika safu hii nilifanya kazi kwa muda mrefu katika ofisi ya madai ya bima ya hospitali, kwa hiyo msomaji atavumilia nikirudi mara kwa mara kwenye suala la malipo, kwa kuwa naamini huko ndiko mageuzi haya yatakakofaulu au kukwama.

*Mtoto wangu ana selimundu, na anatibiwa kwa kadi ya bima ya baba yake ambaye ni mwalimu. Kumwona daktari si shida na vipimo anafanyiwa. Shida ni dawa. Kila mara tunaambiwa haipo, tukanunue nje. Kadi ina maana gani ikiwa dawa tunanunua kwa fedha taslimu? Na hiyo bima ya wote itabadilisha nini?*
*Mama wa watoto watatu, Igoma, Mwanza*

Pole kwa kuuguza, mama. Nianze na lile unaloweza kulifanya katika ziara yenu ijayo. Dawa iliyomo katika orodha ya mafao ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya inapokosekana hospitalini, haitoshi kuandikiwa jina lake kwenye kipande cha karatasi na kuambiwa mkatafute. Omba fomu ya dawa, ile ambayo watumishi huiita 2C, ijazwe na kusainiwa na daktari na kugongwa muhuri, ili mchukue dawa katika duka lililosajiliwa na Mfuko bila kutoa fedha. Iombe ukiwa bado chumbani kwa daktari, kwa sababu ukishafika dirisha la dawa, huku foleni ikikusukuma, kumrudia daktari huwa ni kazi nyingine ya nusu siku. Uliza pia ni maduka yapi ya jirani yaliyosajiliwa, maana si yote. Mtoto anayetumia haidroksiyurea huimeza kila siku ili kupunguza vipindi vya maumivu na haja ya kuongezewa damu, na dawa ya namna hiyo haifai kukatizwa kwa sababu ya muhuri uliosahaulika.

Sasa nije kwenye swali lako kubwa. Hospitali haipokei fedha siku mtoto wako anapotibiwa, bali hutoa huduma kwa mkopo. Imekwisha kununua dawa kutoka Bohari ya Dawa, yenye ghala la kanda hapa Mwanza, au kutoka kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi mwenye mkataba, pale Bohari inapokuwa haina, na imekwisha kulipa umeme, maji ya wodi, vitendanishi vya maabara na posho za zamu. Mwisho wa mwezi inakusanya madai yote, inayawasilisha, kisha inasubiri. Madai yanahakikiwa, mengine yanakatwa, na kinachobaki ndicho kinacholipwa. Malipo yakichelewa au makato yakiwa makubwa, mkuu wa kitengo cha famasia anabaki na orodha ya dawa za kuagiza na akaunti isiyotosha, naye huanza kuchagua. Dawa zinazotumiwa na wagonjwa wengi kwa bei ndogo hupewa nafasi ya kwanza, na dawa ya mgonjwa wa kudumu, ambayo ni ghali na watumiaji wake ni wachache, husubiri. Kwa njia hiyo ucheleweshaji wa malipo katika ofisi ambayo hujawahi kuiona unaifikia nyumba yako pale Igoma.

Nieleze makato kwa mfano, kwa sababu wagonjwa wengi hawajui kuwa yapo. Mtoto mwenye selimundu analetwa usiku akiwa na homa na maumivu makali ya miguu. Daktari wa zamu anahisi malaria kwanza na kuiandika kwenye sehemu ya utambuzi wa ugonjwa. Asubuhi picha inakuwa wazi zaidi, mtoto anawekewa maji ya mshipani, anapewa morfini na kuongezewa uniti ya damu, na baada ya siku chache anarudi nyumbani. Fomu inafika kwa mhakiki aliye mbali na wodi ile. Yeye hamwoni mtoto. Anachokiona ni neno malaria juu, na morfini na damu chini, bila ugonjwa unaovieleza, basi anakata. Daktari alitibu vyema, mtoto alipata nafuu, wala hakuna aliyeiba hata senti, lakini hospitali haitalipwa gharama hiyo kwa sababu hakuna aliyerudi kwenye ule mstari na kuongeza neno selimundu. Fomu za aina hiyo nilizipitia kwa wingi. Saini ya mgonjwa iliyokosekana, kipimo kilichohitaji kibali kikafanywa bila kibali, dawa iliyotolewa na kituo ambacho ngazi yake hairuhusiwi kuitoa: kila kosa la namna hiyo ni boksi la dawa ambalo halitanunuliwa mwezi unaofuata.

Sheria mpya inataka kila mkazi awe na bima. Ikitekelezwa ipasavyo, hospitali zitapata wagonjwa wengi zaidi wenye mlipaji anayejulikana, na idadi ya wale wanaotoroka wodini usiku kwa kushindwa kulipa itapungua. Hata hivyo, wanachama wakiongezeka huku uhakiki na malipo vikienda kwa mwendo uleule, deni ambalo hospitali inawadai walipaji litakua na rafu zitazidi kuwa tupu. Ndiyo maana ningependa kuona mifuko ya bima ikitangaza hadharani, kila robo mwaka, madai ya kila hospitali yamelipwa baada ya siku ngapi na kiasi gani kimekatwa kwa sababu zipi. Takwimu hiyo ingekusaidia wewe mama kuliko hotuba yoyote, kwa kuwa ungejua kama tatizo liko kwa mlipaji au liko kwa hospitali ambayo imelipwa na bado haijaagiza dawa. Yote mawili hutokea.

*Mimi ni daktari katika hospitali binafsi wilayani Nyamagana. Tangu mabadiliko ya bei ya mwaka 2024 tumekuwa tukitibu kwa kuangalia orodha ya bima badala ya kumwangalia mgonjwa. Je, bima ya afya kwa wote haitamfanya daktari kuwa karani wa mfuko?*
*Daktari, Mwanza*

Daktari, hofu yako ina msingi, na naomba nisiipunguze. Wasomaji wasiokumbuka wanapaswa kujua kwamba tarehe 1 Machi 2024 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kutumia kitita kipya cha mafao chenye bei mpya za huduma na dawa, na wamiliki wa hospitali binafsi wakasema baadhi ya bei hizo hazifikii gharama halisi. Baadhi ya hospitali zilisitisha huduma kwa wanachama wa Mfuko, na kwa muda huo watu wenye kadi halali walirudishwa mlangoni hadi Serikali na wamiliki walipozungumza na huduma zikarejea. Waliolipa gharama ya mvutano ule ni wagonjwa, ambao hawakuwamo katika kikao chochote cha kupanga bei.

Kiini cha jambo hili ni namna hospitali inavyolipwa. Mfuko ukilipa kwa kila huduma iliyotolewa, hospitali hupata zaidi inapopima zaidi, na sote tumewahi kuona mgonjwa wa mafua akitoka na orodha ndefu ya vipimo. Ukilipa kiasi maalumu kwa kila mwanachama aliyeandikishwa kituoni, awe ameugua au hakuugua, kituo kinapata faida kinapotoa huduma kidogo, na hatari inakuwa mgonjwa kunyimwa kipimo anachokihitaji. Ukilipa bei moja kwa tukio zima, kwa mfano upasuaji wa kujifungua pamoja na siku za kulala wodini, hospitali inapata sababu ya kufanya kazi kwa ufanisi, na pia sababu ya kumruhusu mama mapema kuliko inavyofaa. Hakuna njia isiyo na kishawishi chake. Mageuzi yenye busara huchanganya njia hizi kulingana na ngazi, na huwaweka madaktari mezani bei zinapokokotolewa, kwa sababu mhasibu hajui kwamba mgonjwa mmoja wa nimonia hupona kwa vidonge na mwingine huhitaji oksijeni kwa wiki nzima.

Kuhusu orodha, hapo natofautiana nawe kidogo. Mwongozo wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu ulikuwapo kabla ya kitita hiki, na daktari anayeufuata humkinga mgonjwa dhidi ya antibiotiki kali zisizo na sababu, jambo ambalo katika jiji letu limezoeleka mno. Ugumu unakuja pale mgonjwa wako anapokuwa nje ya mwongozo kwa sababu za kweli za kitabibu. Katika hali hiyo andika sababu kwenye faili kwa sentensi mbili zinazosomeka, omba kibali kabla ya kutibu kama hali inaruhusu, na madai yakikatwa usikubali yaishie kwenye ofisi ya uhasibu. Nimeona madai yaliyorejeshwa na maelezo ya daktari mwenyewe yakilipwa, na mengine ya kufanana nayo yakipotea kwa sababu daktari aliona kuyaeleza ni kazi ya karani. Ninajua unaombwa kuongeza muda wa kuandika katika zamu isiyo na muda, na ndiyo sababu hospitali inapaswa kuajiri watu wa kuweka misimbo ya magonjwa na huduma na kukagua fomu kabla hazijatoka, badala ya kuutupa mzigo huo kwa daktari aliyekesha.

Tazama pia majirani zetu wa upande wa pili wa ziwa. Tarehe 1 Oktoba 2024 Kenya iliacha mfuko wake wa zamani wa bima ya hospitali na kuhamia Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambako mwajiriwa huchangia asilimia 2.75 ya mshahara ghafi. Hospitali binafsi za huko zilianza mfumo mpya zikiwa bado zinadai malimbikizo ya mfuko wa zamani. Kufuta jina la mfuko hakufuti deni lake, na sisi tunaoanza kwa hatua bado tuna nafasi ya kusafisha madeni ya nyuma kabla ya kupakia wanachama wapya.

*Nina kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, kwa familia yangu ya watu sita. Nimeambiwa kwamba mke wangu akipewa rufaa kwenda hospitali ya kanda, kadi haitatumika huko. Kwa nini tuandikishwe kadi inayoishia njiani?*
*Mvuvi, kisiwa cha Ukara, Ukerewe*

Ndugu yangu, ulichoambiwa ni kweli. CHF iliyoboreshwa inaanzia zahanati, inapita kituo cha afya na hospitali ya wilaya, na inakoma kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Mwanza ni Sekou Toure. Bugando, ambayo ilifunguliwa mwaka 1971 na kuhudumia mikoa yote ya Kanda ya Ziwa, ni hospitali ya rufaa ya kanda, hivyo iko juu ya mpaka huo.

Sababu yake ni hesabu. Katika CHF, kaya ya watu sita imekuwa ikichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, ambayo ni shilingi 5,000 kwa kila mtu, au pungufu kidogo ya shilingi 420 kwa mwezi. Mtumishi wa umma mwenye mshahara wa shilingi 600,000 hukatwa asilimia 3 na mwajiri wake huongeza asilimia 3, jumla shilingi 36,000 kila mwezi, sawa na shilingi 432,000 kwa mwaka, kwa ajili yake, mwenzi wake na wategemezi hadi wanne. Kaya mbili za watu sita, moja imechangia zaidi ya mara kumi na nne ya nyingine. Fedha ya kaya ya kwanza inatosha kuchangia dawa za malaria na huduma za kawaida, lakini siku moja ya chumba cha wagonjwa mahututi inaweza kumaliza michango ya kitongoji kizima.

Hapa ndipo ninapoiona thamani ya mageuzi, na nasema hivi kwa moyo wote. Vyungu hivi viwili vya michango vikiendelea kutenganishwa, mwalimu atafika Bugando na mvuvi ataishia njiani, ingawa mara nyingi mvuvi ndiye mwenye hatari kubwa zaidi: anaingia majini kila siku penye kichocho, na kichocho kikikaa miaka bila tiba huharibu ini na kibofu hadi mgonjwa akahitaji daktari bingwa. Sheria ya 2023 imeweka msingi wa kitita cha mafao kwa wote na mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, ambao miongoni mwa vyanzo vyake ni sehemu ya kodi za vinywaji baridi vyenye gesi, vileo, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Kaya yenye uwezo, hata kama haina mshahara, itatakiwa kuchangia zaidi ya ilivyozoea katika CHF, na viongozi wetu wawaambie wananchi jambo hilo bila kuzungukazunguka.

Kwa sasa, mke wako akipewa rufaa, hakikisha barua yake inaanzia hospitali ya wilaya pale Nansio na inampeleka kwanza Sekou Toure, ambako kadi inafanya kazi na kuna madaktari bingwa. Akilazimika kupanda zaidi, mtafuteni afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo ya kufika, kabla ya bili kukua. Jueni pia kwamba nauli ya kivuko kutoka Ukara hadi Bugolora, gari hadi Nansio na meli hadi Mwanza, pamoja na chakula cha anayemsindikiza mgonjwa, havilipwi na kadi. Kwa watu wa visiwani gharama hizo mara nyingine huzidi matibabu yenyewe. Wanaopanga kitita wangefika Ukara wakaja Mwanza kwa njia anayoipita mgonjwa, nadhani suala la usafiri wa rufaa lingepewa uzito mwingine.

*Shikamoo mwandishi. Nina miaka ishirini na minne, nauza dagaa Mwaloni Kirumba, na siumwi kitu. Kwa nini nilazimishwe kulipia bima?*
*Kijana, Kirumba*

Marahaba, mwanangu. Angalia lililotokea kwa Toto Afya Kadi. Mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka na mtoto akatibiwa. Kwa sababu kujiunga kulikuwa hiari, wazazi wengi walimwandikisha mtoto alipokuwa tayari anaumwa, na gharama za matibabu zikaipita michango kwa mbali, hata mwaka 2023 utaratibu wa kumwandikisha mtoto mmoja mmoja ukasitishwa na kuleta malalamiko makubwa. Mfuko wa wagonjwa watupu hauwezi kusimama. Unahitaji watu wenye nguvu kama wewe, na wewe unauhitaji kwa sababu Mwaloni ni mahali pa mizigo mizito, sakafu yenye utelezi na pikipiki zisizosubiri mtu. Mguu uliovunjika na kuwekewa chuma unaweza kula mtaji wote wa dagaa kwa wiki moja, na nimewaona vijana wa umri wako wakiuza kila kitu kulipia upasuaji ambao mchango wa miaka michache ungeugharamia.

Unalo, hata hivyo, dai moja la haki. Wewe hupati mshahara tarehe 25, unapata fedha samaki wanapopatikana, na giza la mwezi linapoisha mauzo hupungua. Utaratibu wa kulipa mchango wote kwa mkupuo mmoja haukufai. Zungumzeni kupitia umoja wenu wa wafanyabiashara ili muandikishwe kwa kundi na mchangie kidogo kidogo katika miezi ya mauzo mazuri.

*Nina umri wa miaka 71. Hospitali moja ilinitoza fedha ya kumwona daktari, nyingine haikunitoza. Je, matibabu ya bure ya wazee yamefutwa?*
*Mzee, Sengerema*

Shikamoo mzee wangu. Hayajafutwa. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inatoa msamaha kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, kama inavyofanya kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano, katika vituo vya umma na vile vyenye makubaliano na Serikali. Maneno yanayoleta utata ni "wasio na uwezo", kwa sababu kila kituo huyatafsiri kwa namna yake asipokuwapo mtu wa kuthibitisha. Hospitali inayosamehe wazee wengi bila kufidiwa hubeba hasara, na baadhi hujikinga kwa kuwatoza wote wasio na karatasi. Si sahihi, lakini ndivyo inavyofanyika. Bima ya afya kwa wote inakusudia kuuondoa mzigo huo mabegani mwa hospitali kwa kumlipia mzee mchango wake mapema, ili afike akiwa mwanachama kama wengine.

Fika kwa mtendaji wa kijiji au mtaa wako akuandikie barua ya utambulisho, ukiwa na kitambulisho cha taifa au cha mpiga kura kinachoonyesha umri. Upeleke vyote kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ili uandikishwe na kupewa kitambulisho cha matibabu cha wazee, na ufanye hivyo siku ambayo huumwi, kwa sababu afisa huyo hayupo ofisini usiku wala Jumapili.